Je, Mungu hututia majaribuni? Swali la binti wa kipaimara

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nimelelewa katika Kanisa Katoliki, nimeolewa na Mlutheri, na kila usiku tunasali pamoja na watoto kabla ya kulala. Tukifika mwisho wa Baba Yetu sauti zinagongana. Mimi nasema 'usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni'; mume wangu na watoto wanasema 'usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu', kisha wanaendelea na 'kwa kuwa ufalme ni wako' wakati mimi nimeshafika Amina. Hilo tulishalizoea. Ila wiki iliyopita binti yetu wa miaka 13, aliyeko mafundisho ya kipaimara, ameuliza: 'Mama, kwani Mungu ndiye anayetutia majaribuni, mpaka tumwombe asitutie?' Baba yake alinyamaza, na mimi nikanyamaza. Jirani yetu anasema Papa alishaibadilisha sala hiyo kwa sababu ilikuwa na kosa. Tumjibu nini mtoto? Na kati yetu, nani anaisali inavyotakiwa?"

Jibu: Marahaba, mama. Kabla hujamsomea binti yako jibu hili, mpe pongezi zangu. Wapo watu wazima waliosali Baba Yetu miaka hamsini bila kusimama hata siku moja kwenye sentensi hiyo. Yeye amesimama, na mahali aliposimama ndipo waliposimama walimu wakubwa wa Kanisa tangu karne za mwanzo.

Jibu fupi utakalompa leo usiku ni hili: hapana. Mungu hamvuti mtu atende dhambi. Yakobo amelisema wazi katika waraka wake, sura ya 1 mstari wa 13: "Mtu ajaribiwapo, asiseme, Ninajaribiwa na Mungu, maana Mungu hawezi kujaribiwa na maovu, wala yeye mwenyewe hamjaribu mtu." Mstari huo mwandikie kwenye daftari lake la kipaimara.

Lakini namjua mtoto wa miaka 13. Atarudi kesho na kuuliza, "Sasa kama hatutii, mbona tunamwomba asitutie?" Hapo jibu fupi halitoshi, na hapo ndipo nataka tukae.

Injili zimetufikia kwa Kigiriki. Katika Mathayo 6:13 na Luka 11:4 neno lililotumika ni "peirasmos". Neno hilo lina sura mbili ambazo Kiswahili kimezitenganisha. Sura ya kwanza ni kupimwa: mtu anawekwa kwenye hali ngumu ili lijulikane lililomo ndani yake. Sura ya pili ni kuvutwa: mtu anabembelezwa na kupambiwa ubaya mpaka auone mtamu. Sisi tuna "jaribu" kwa ile ya kwanza na "kishawishi" kwa ile ya pili. Anayekupima na anayekushawishi hawana nia moja. Mwalimu anayetunga mtihani wa darasa la saba hataki mtoto afeli. Anayemshawishi mtoto huyo atoroke shule anataka jambo jingine kabisa. Mgiriki alikuwa na neno moja kwa yote mawili, akaachia mazungumzo yenyewe yaonyeshe ni lipi.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, fungua sura ileile ya kwanza ya Yakobo. Mstari wa 2 unawaambia waumini wahesabu kuwa ni furaha tupu wanapoangukia katika majaribu mbalimbali. Mstari wa 13 unasema Mungu hamjaribu mtu. Shina la neno ni lilelile katika mistari yote miwili. Pale pa kwanza ni mtihani unaokomaza saburi. Pale pa pili ni mvuto wa dhambi.

Basi, mama, wewe na mumeo mnasali neno moja. Wazee waliotuachia sala ya Kikatoliki walishika upande wa kuvutwa, wakasema kishawishi. Waliotafsiri Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952 ambayo naamini ndiyo iliyoko kwenye meza ya mumeo, walishika upande wa kupimwa, wakasema majaribuni. Kila mmoja wenu ameshika nusu. Mkisali kwa pamoja na sauti zikagongana, neno zima la Kigiriki linasikika chumbani mwenu. Nyumba zenye lugha moja ya sala hazilipati hilo.

Sasa turudi kwa binti. Je, Mungu huwapima watu? Ndiyo, na Biblia haifichi. Mwanzo 22 inaanza kwa kusema kwamba Mungu alimjaribu Ibrahimu. Kumbukumbu la Torati 8 inasema miaka 40 ya jangwani ilikuwa ya kuwajaribu Waisraeli na kuyajua yaliyokuwa mioyoni mwao. Na Mathayo 4:1 ni mstari ambao mtoto anapaswa kuusoma polepole: "Kisha Yesu alipandishwa na Roho nyikani, ili ajaribiwe na Ibilisi." Mwulize: wako wangapi wanaotenda hapo? Wawili. Roho anapeleka, Ibilisi anajaribu. Njia ya kwenda nyikani imo mkononi mwa Mungu, lakini ulimi unaosema "amuru mawe haya yawe mikate" si wa Mungu. Sala ya Baba Yetu inaelekezwa kwa yule wa kwanza, anayeshika njia. Tunamwambia: hiyo njia ya nyikani, Baba, tunaiogopa.

Tunaruhusiwa kuogopa? Hili ndilo ninalotamani familia yenu ilichukue, kwa sababu ninaona mahubiri mengi siku hizi yanawafundisha watu kusali kama mabondia wanaomwita adui aingie ulingoni. Sala aliyotufundisha Bwana ni ya mtu anayejijua. Haisemi "nipe majaribu nikuonyeshe imani yangu." Inasema "usitutie."

Mahali pa kuielewa vizuri ni bustani ya Gethsemane, usiku wa Alhamisi. Soma Mathayo 26 kuanzia mstari wa 30 ukiwa na Baba Yetu kichwani, utashangaa. Yesu anaanguka kifudifudi na kuomba, "Baba yangu". Mara ya pili anasema "mapenzi yako yatimizwe", maneno yaleyale aliyowafundisha wanafunzi mlimani. Wakatoliki husema "utakalo lifanyike". Na katikati ya maombi hayo anawageukia Petro na wenzake waliolala, anawaambia: "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni; roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu." Ni "peirasmos" ileile. Yaani usiku ule Yesu mwenyewe alikuwa anaisali sala aliyoifundisha, na aliwaomba rafiki zake waisali sehemu moja tu, hii inayomsumbua binti yako.

Hawakuisali. Muda mfupi tu kabla ya hapo, njiani kuelekea Mlima wa Mizeituni, Petro alikuwa ameapa kwamba hata kama wote watachukizwa, yeye hatachukizwa kamwe. Hata kama ni kufa, atakufa naye. Naamini alimaanisha. Petro hakuwa mnafiki. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kupimwa kwenye kile kipimo, akadhani anajua uzito wake. Saa chache baadaye kijakazi mmoja, si askari, alimtazama usoni penye mwanga wa moto, na yule jabali akakana, akisema hamjui mtu huyo. Jogoo akawika. Kilichomwangusha ni swali la mtumishi wa nyumbani usiku wa baridi.

Ndiyo maana sala imewekwa kabla. Husalii mtihani ukiwa umeshaketi kwenye dawati tu.

Kama mfano wa Petro ni wa mbali kwa mtoto, chukua wa karibu. Je, wewe au dada yako mmoja hamko kwenye kikoba? Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe mara nyingi analitunza mtu wa nne. Siku ya kukutana wote hufika, kufuli zinafunguliwa mbele ya wanachama, hesabu inasomwa kwa sauti. Mwulize binti yako: je, kikundi kinawaona wanachama wake kuwa wezi? Hapana. Mama yule anayetunza sanduku ni mtu wa kanisani, amelea watoto kwa kuuza vitumbua, kila mtu anamheshimu. Lakini wanajua kwamba siku mtoto wake akilazwa usiku wa manane na hospitali ikataka malipo, na sanduku liko chini ya kitanda, na funguo zote anazo yeye, moyo wake utapata kazi ambayo moyo wa mtu haukupaswa kupewa. Basi wanampunguzia kazi hiyo mapema, kwa upendo. Kufuli tatu ni namna ya kumwambia: hatutakutia majaribuni.

Hilo ndilo tunalomwomba Baba. Yeye anamjua kila mmoja wetu uzito wake. Anajua mwingine hapaswi kuachiwa fedha za watu, mwingine hapaswi kukaa peke yake na simu usiku, mwingine hasira yake haina breki akiguswa kwenye jambo la ardhi ya marehemu baba yake. Tunamwambia: sisi hatujui tutakapovunjika, wewe unajua, usiruhusu tufike hapo.

Kuhusu neno "usitutie" lenyewe. Kwa Kiswahili "kutia" ni kuweka kitu ndani ya kingine, na mtoto analisikia hivyo: Mungu ananishika na kuniingiza. Kigiriki nacho kiko hivyo, kitenzi chake ni cha kuleta au kuingiza ndani, na wafasiri wetu hawakukosea hata kidogo. Ila Yesu na wanafunzi wake walizungumza Kiaramu na walisali kwa namna ya Wayahudi, na katika lugha hizo kitenzi cha kumfanya mtu aingie kinaweza pia kubeba maana ya kumwacha aingie. Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, imehifadhi sala ya Kiyahudi ya kabla ya kulala, saa ileile mnayosali ninyi, ambamo mtu anamwomba Mungu asimtie katika dhambi, wala katika uovu, wala katika jaribu, wala katika fedheha. Hakuna Myahudi aliyesali hivyo akidhani Mungu hugawa fedheha na dhambi. Alikuwa anasema: usiku huu nimo mikononi mwako, nizuie nisiende huko.

Nasi tuna msemo wa aina hiyohiyo. Ukisikia habari ya mtoto wa jirani aliyeacha masomo akazama kwenye kubeti mpaka akauza simu ya mama yake, unasema nini? "Mungu apishe mbali." Hudai kwamba Mungu ndiye aliyeileta kamari. Unasema jambo hilo lipo, linatembea mitaani, na mwenye uwezo wa kulipitisha mbali na mlango wangu ni yeye. Mwambie binti: "usitutie majaribuni" ni "Mungu apishe mbali" iliyosemwa mapema, kabla habari haijawa yetu. Nadhani ataelewa hapo hapo.

Jirani yenu amesikia jambo la kweli, ila limemfikia likiwa limepinda. Papa Fransisko alizungumzia sentensi hii kwenye televisheni ya Italia mwezi Desemba 2017. Alisema tafsiri inayoonyesha Mungu akimwingiza mtu kwenye kishawishi si nzuri, kwa kuwa anayeanguka ni mimi na si Mungu anayenisukuma ili aone nilivyoanguka. Baba hafanyi hivyo, baba humsaidia mtoto kuinuka. Siku chache kabla ya hapo, Jumapili ya kwanza ya Majilio, maaskofu wa Ufaransa walikuwa wameanza kutumia maneno mapya yanayosema "usituache tuingie katika kishawishi". Italia nayo ilibadilisha. Misale yao mpya, yaani kitabu cha sala za Misa, yenye maneno ya maana ya "usituache mikononi mwa kishawishi", ilianza kutumika mwishoni mwa Novemba 2020. Wahispania na Wareno walikuwa wanasema "usituache tuanguke" tangu zamani. Wajerumani waliamua kubaki na maneno yao ya kale. Kwa hiyo kilichobadilika ni tafsiri za baadhi ya lugha. Kigiriki cha Mathayo kiko palepale, na Kilatini kinachosema "ne nos inducas in tentationem" hakijaguswa.

Tena jambo lenyewe si jipya. Mtu aliyeandika maelezo ya kale kuliko yote tuliyo nayo juu ya Baba Yetu alikuwa Mwafrika: Tertullian wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi inayoitwa Tunisia leo. Aliandika karibu na mwaka 200. Alipofika sentensi hii alitoa maelezo kwamba maana yake ni "usiruhusu tuingizwe, na huyo anayejaribu", akaongeza kwamba ni mwiko kumdhania Bwana kuwa mjaribu. Nusu karne baadaye Cyprian, askofu wa mji huohuo, aliinukuu sala yenyewe kwa maneno hayo: "usiruhusu tuingizwe majaribuni." Maelezo yalikuwa yameshaingia ndani ya sala. Waafrika hao wawili walilijibu swali la binti yako zaidi ya miaka 1,700 kabla hajazaliwa.

Ukiniuliza mimi, ningependa Kiswahili kibaki na "usitutie". Naelewa huruma iliyo nyuma ya mabadiliko, na siwalaumu waliobadilisha. Lakini neno gumu limemfanya mtoto wa miaka 13 aulize, na swali lake limewafanya wazazi wawili wa madhehebu mawili wakae kitako na kufungua Biblia. Neno lililolainishwa lingempitia tu.

Kuhusu nani anaisali inavyotakiwa, natamani mfanye hivi. Mwombe mumeo alete Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, hiyo anayokariri binti, na wewe utafute Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2846. Luther anaanza maelezo ya ombi hili kwa kusema kwamba Mungu hakika hamjaribu mtu yeyote, ila tunaomba atulinde ili Ibilisi, ulimwengu na mwili wetu wenyewe visitudanganye na kutuingiza katika imani potofu, kukata tamaa na aibu nyingine kubwa. Katekisimu yenu Wakatoliki inasema Kigiriki hicho ni kigumu kukitia katika neno moja, kwamba maana yake ni "usiruhusu tuingie" na pia "usituache tushindwe". Someni kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Kuna mambo ambayo makanisa yenu mawili hayajakubaliana bado. Hili si mojawapo.

Nusu ya pili ya sentensi ndiyo ninayoipenda zaidi, nanyi mmeigawana vilevile. Mumeo anasema "utuokoe na yule mwovu", wewe "utuopoe maovuni". Kigiriki kiliandikwa kwa umbo ambalo laweza kusomwa "yule mwovu" au "uovu". Mathayo mwenyewe, katika mfano wa mpanzi, anamwita Shetani "yule mwovu" anayekuja kunyakua mbegu iliyopandwa moyoni, kwa hiyo mumeo ana hoja nzuri. Lakini maovu yenyewe, yale ambayo hayana pembe wala mkia, rushwa, ugomvi, ukatili wa nyumbani, nayo yanatuzamisha, na sala yako inayataja.

Ila "utuopoe" ni neno ambalo Wakatoliki wengi hulitamka bila kulisikia. Nilikulia upande wa Tanga, na nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kisima. Kamba ikikatika, ndoo inazama. Hakuna aliyesema "tuiokoe ndoo". Baba alikwenda kuazima kiopoo kwa jirani, kile chombo chenye kulabu, akakiteremsha na kuanza kutafuta gizani, taratibu, akisikiliza chuma kikigusa chuma. Wakati mwingine ilichukua asubuhi nzima. Ndoo haikuwa na la kufanya. Haina mikono. Ilikaa chini kwenye tope ikingoja kunaswa. Hadi leo kwenye taarifa za habari chombo kikizama ziwani tunasikia wazamiaji "wameopoa". Kuopoa ni kazi ya kumtoa aliyekwisha kuzama.

Sasa weka nusu mbili pamoja. "Usitutie" ni ombi la wale walio bado ukingoni. "Utuopoe" ni la wale walio chini tayari. Yesu hakufundisha sala ya wasioanguka peke yao. Petro alizama usiku ule, na bado kiopoo kilikuwa kimeshateremshwa kabla hajazama, maana Luka 22 inasema Yesu alimwambia: Shetani amewataka ninyi awapepete kama ngano, "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Binti yako atafika siku atakayokuwa ameanguka katika jambo fulani na kuona haya kusali. Siku hiyo, akumbuke kwamba sala hii ina sentensi ya mtu aliye chini ya kisima.

Na aangalie kitu kidogo: "usi-tu-tie", "u-tu-opoe". Hakuna "mimi" popote katika Baba Yetu. Akisali kitandani peke yake bado anawasalia wengine, yule kijana wa kubeti akiwemo.

Kuhusu "kwa kuwa ufalme ni wako", hapo wala msihangaike. Maneno hayo hayamo katika nakala za kale kabisa za Mathayo zilizotufikia, kama Sinaiticus na Vaticanus za karne ya 4. Ndiyo maana Biblia ya Union inayaweka ndani ya mabano. Yanafanana na sala ya Daudi katika 1 Mambo ya Nyakati 29:11, na Wakristo walikuwa wakiifunga Baba Yetu kwa sifa ya namna hiyo tangu mwanzo: Didake, kitabu cha mafundisho cha kale sana, kinaitoa sala hii pamoja na "kwa kuwa nguvu ni zako na utukufu, hata milele" na kuagiza isaliwe mara tatu kwa siku. Nawe, mama, unayajua maneno hayo. Kwenye Misa, baada ya Baba Yetu, padri anaendelea peke yake kuomba mwopolewe na maovu yote na mjaliwe amani, kisha ninyi wote mnaitikia: "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele." Unayasema kila Jumapili, ila yanakuja kwa kuchelewa kidogo. Usiku nyumbani, ukifika "maovuni", vuta pumzi, usikimbilie Amina. Yaseme pamoja nao.

Nimebakiza moja ambalo hukuuliza, lakini binti ataliona siku akifungua Mathayo 6 mwenyewe. Kwenye Biblia ya Union haandikiwi "makosa yetu", anaandikiwa "deni zetu". Ni kwa sababu Kiaramu kilitumia neno moja kwa deni na kwa dhambi. Luka ameandika "dhambi zetu", kisha akamalizia na "kila tumwiaye", yaani kila tunayemdai. Akilifikia hilo, msimpe maelezo marefu. Msomeeni Mathayo 18, ule mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akaenda kumkaba mwenzake kwa dinari mia, na mpeni kalamu apige hesabu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, talanta moja ni dinari 6,000. Deni la mwenzake ni kazi ya siku mia. Deni alilosamehewa yeye, kwa siku 300 za kazi kila mwaka, ni kazi ya miaka 200,000. Mwacheni aipige hesabu hiyo mwenyewe, asipewe jibu.